Kupamba kanisa au hela yote iende ukumbini?

Dada uliyeuliza kama kuna haja ya kupamba kanisa wakati misa ikiisha watu wote wanakimbilia ukumbini, na mama mkwe mtarajiwa anasema kanisa tupu ni aibu, ngoja nikujibu maana nilikuwa mweka hazina kwenye kamati ya harusi ya mdogo wangu hapa Dar na hili suala nusura livunje kikao.

Kabla hujamwita mpambaji yeyote nenda ofisi ya parokia uulize Jumamosi hiyo zinafungwa ndoa ngapi na nani anaruhusiwa kupamba, maana kuna parokia kazi hiyo ni ya kina mama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) na mpambaji wako wa nje ataishia getini. Sisi tulikuta misa ile ile ina maharusi wengine, sasa ukimwaga hela yako yote pale unawapambia na watu usiowajua, wanapiga picha bure na kukushukuru hawakushukuru. Tukaomba namba zao kwa katekista, tukachanga, tukakubaliana nyeupe na majani ya kijani basi, rangi isiyogombana na sare ya mtu. Upande mmoja kuna shangazi alikomaa na zambarau kwa vile ndiyo vitenge walivyoshona, ikabidi abembelezwe aisee.

Halafu tarehe hujasema. Kama ni kipindi cha Kwaresima (mapadre wengi hata ndoa zenyewe hawapendi kufungisha kipindi hicho) maua altareni hayaruhusiwi, labda iwe Jumapili ya nne ile ya Laetare au siku ya sherehe au sikukuu ya Kanisa, kwa hiyo mpambaji anayekuahidi maua mbele ya altare Jumamosi ya Kwaresima anataka advansi tu huyo.

Kanisa lenyewe nalo likoje? Mtu anafungia ndoa pale St. Joseph mjini, jengo la tangu enzi za Mjerumani, lina matao na vioo vya rangi, unaenda kulifunika na satini ili iweje? Ila kama mnasali kwenye turubai au godauni lenye viti vya plastiki, kama makanisa mengi ya kilokole yanayoanza, hapo pamba, tena pamba kwelikweli, maana kitambaa cheupe kikining'inizwa vizuri nyuma ya mchungaji kinabadilisha picha zote.

Kwa kanisa la kawaida la mtaani mimi naweka hela sehemu mbili tu, viti vya maharusi na mlangoni. Angalia video za harusi utaona, kamera inakaa kwenye nyuso zenu muda wote wa viapo na pete, nyuma yenu kinachoonekana ni migongo ya viti, halafu mkitoka mlangoni matarumbeta yanapigwa, vigelegele, kila mwenye simu anairusha juu, hapo ndipo picha za familia zote zinapigwa. Mabenchi ya katikati yafungieni riboni tu, tena mfunge kwa mkono, msije na selotepu, ikibanduliwa inaondoka na vanishi na hapo mtajuana na wazee wa kanisa. Zile stendi ndefu za maua njiani mimi sizitaki kabisa, kwenye harusi ya binamu yetu shela lilinasa kwenye mojawapo, bibi harusi anavutwa nyuma huku kwaya inaendelea kuimba, matroni kapiga magoti ananasua uzi mmoja mmoja.

Wenzetu Waislamu hawana huu mjadala, nikaha mara nyingi inasomwa msikitini au nyumbani kwa kina bibi harusi, mapambo yao mengi wanayapeleka ukumbini na maisha yanaendelea.

Mpambaji atakuambia anakupa kanisa na ukumbi kwa bei moja. Mwambie atenganishe, akupe bei ya kanisa peke yake na bei ya ukumbi peke yake, wetu alipotenganisha tukagundua vile vitambaa vya kanisani ni vile vile vinahamishwa jioni kwenda ukumbini na tulikuwa tunalipishwa mara mbili.

Na mama mkwe usibishane naye. Mwambie mama, mlango wa kanisa tunakuachia wewe, chagua maua unayopenda, na kamati ikishampa hiyo heshima sidhani kama atakataa kuyalipia.