Mzee anataka kuacha dawa za moyo kwa kuwa anajisikia mzima

Mkuu, pole na mzee. Unauliza kama anaweza kuacha dawa na mazoezi, maana tangu awekewe stenti (kibomba kidogo cha kuuweka wazi mshipa wa moyo) anajisikia mzima. Hapana, asithubutu. Huo uzima kwa sehemu kubwa ni kazi ya dawa zenyewe. Aspirini na klopidogreli huzuia damu isigande ndani ya stenti. Akizikatisha kabla ya muda aliopangiwa, mshipa unaweza kuziba ghafla. Statini, dawa ya kushusha kolesteroli (mafuta kwenye damu), ndiyo huonewa zaidi, maana mgonjwa haisikii ikifanya kazi.

Ila msikilize pia. Wengi hawaachi dawa kwa ukaidi. Enalaprili, dawa ya presha na moyo, huwaletea baadhi kikohozi kikavu, atenololi, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, huleta uchovu, na wapo wanaoona haya kusema mambo ya chumbani yamelegea. Daktari anaweza kubadilisha dawa au kupunguza dozi, lakini mpaka aambiwe. Muulize na habari za usingizi na huzuni. Hofu baada ya shambulio la moyo ni ya kawaida na ina tiba.

Kwenye mazoezi, atembee kwa mwendo ambao anaweza kuongea ila hawezi kuimba. Kifua kikibana, asimame apumzike. Kisipoachia ndani ya dakika chache, mkimbizeni hospitali.