Picha za setilaiti wakati wa maafa

Umeuliza iwapo nchi isiyo na setilaiti hulazimika kununua picha inapokumbwa na mafuriko. Hailazimiki, kwa kuwa upo Mkataba wa Kimataifa wa Anga za Juu na Maafa Makubwa, ulioasisiwa na mashirika ya anga ya Ulaya na Ufaransa, ambao wanachama wake hutoa picha bila malipo pindi zinapoombwa rasmi. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, rada ya Sentinel-1, setilaiti ya Ulaya, ambayo hupenya mawingu na kuonyesha maji yaliyotuama kwa rangi nyeusi, ilibainisha maeneo yaliyofurika. Kwa maoni yangu, kazi ngumu zaidi ni kuzifikisha ramani hizo kwa waokoaji walioko mahali ambako mtandao umekatika.