Uliza Fundi: begi la vifaa kwa nyumba za pwani

Habari zenu wasomaji. Safari hii barua nyingi zimegusa jambo moja, vifaa vya mkono vya kuweka nyumbani, yani unachaguaje na ukishanunua unavitunzaje huku kwetu ambako bahari ipo mlangoni. Nimeziweka pamoja.

*Fundi habari za kazi. Tumehamia kwetu Chikongola juzijuzi na kila kitu tunaita fundi, hata kitasa kikilegea skrubu. Nataka niwe na vifaa vyangu. Dukani wamenionesha sanduku la plastiki lina vipande zaidi ya mia, soketi, spana, bisibisi, mpaka nyundo imo, na bei yake iko chini kuliko nyundo nzuri na plaizi nzuri nikinunua mbalimbali. Nichukue au nitaumia? – Dada wa Chikongola, Mtwara*

Dada yangu hongera kwa kuhamia kwenu. Hilo sanduku liache. Vile vipande ukivimwaga mezani utakuta vingi ni ncha za bisibisi na visoketi ambavyo nyumbani kwako havitaguswa, na vile vichache utakavyovitumia kila siku ndo chuma chake laini. Ukikaza skrubu ya kitasa mara mbili tatu ncha inakuwa duara, alafu hiyo ncha iliyoliwa inaanza kuila skrubu, sasa una vitu viwili vibovu na mlango bado haujafunga.

Mimi nikishika kifaa dukani najiuliza kwanza, hiki kikichoka kitatengenezeka? Mpini utabadilika, meno yatanoleka, kiungo kitaingia mafuta? Huku kwetu kifaa kinauliwa na chumvi na kuachwa hovyo kabla kazi haijakichosha, kwa hiyo kile kisichotunzika hata kiwe kinang'aa vipi usikilipie.

Anza na vichache. Nyundo yenye kung'olea misumari upande wa pili, uzito wa gramu 450 hivi unatosha nyumba. Igeuze uitazame juu pale mpini unapotokezea kwenye kichwa, mti uwe umejaza tundu lote na kabari ionekane imezama, ukiona uwazi au gundi imepakwa kuziba rudisha. Uso wake uwe laini umebinuka kidogo na kingo zimepunguzwa. Na nakuomba sana, usije ukagonga nyundo kwa nyundo hata mara moja, nyuso zote mbili zimekazwa ngumu na kinachoruka pale ni kipande cha chuma kinachokwenda moja kwa moja kwenye jicho.

Bisibisi mbili, ya bapa na ya nyota. Ya nyota iwe saizi ya PH2, ndo inakwenda na skrubu nyingi za nyumbani. Ukikuta skrubu ya kabati ina vimistari vidogo katikati ya nyota, hiyo inataka PZ2, ukilazimisha PH2 itachomoka na kukwangua. Wauzaji watakuonesha mhuri wa Cr-V, yani chuma cha krome vanadiamu, ni dalili nzuri ila mhuri mtu yeyote anaweza kuupiga, we tazama ncha yenyewe kama mabawa manne yako sawa na kingo zake kali, alafu shika mpini uzungushe chuma kwa mkono wa pili, kikicheza hata kidogo acha.

Plaizi inua uitazame kwenye mwanga. Ukifunga, sehemu ya kukatia ikutane yote, mwanga usipite. Kisha fungua funga, iteleze bila kuyumba pembeni. Muombe muuza duka kikaratasi ukikate kwa ile sehemu ya kukatia, ikitafuna badala ya kukata chukua nyingine. Spana malaya nayo itikise ile taya inayotembea, kidogo itacheza hilo halikwepeki, ikicheza sana itakula nati zako zote. Na ukiitumia weka nguvu iangukie kwenye taya isiyotembea, yani unazungusha kuelekea upande wa ile inayotembea, watu wengi wanafanya kinyume ndo mana spana zao zinapanuka mdomo mapema.

Tepu ya kupimia usiirudishe dukani kwa sababu kile kichuma cha mwanzo kinachezacheza. Kimewekwa kicheze makusudi, kinasogea unene wake chenyewe ili ukipima kwa kusukuma ndani ya kona au kwa kuvuta nje ya ubao upate kipimo sahihi pande zote. Ongeza hakso, yani msumeno wa kukatia chuma, tupa moja ya kunolea na testa ya kupimia umeme, begi lako limetosha kuanzia. Hakso ukiifunga bledi meno yaangalie mbele, mana inakata ukisukuma. Bledi za meno 24 kwa inchi zinafaa kazi nyingi za nyumbani, bati au bomba jembamba tafuta ya 32.

Omba risiti ya EFD na uitunze, bila hiyo kurudisha kitu ni maneno tu.

*Kaka Fundi mimi naishi Mikindani nyumba inaangalia maji. Spana zangu na plaizi nanunua nzuri kabisa lakini masika moja tu kutu imeshika, na nafuta kila nikitumia, nazifungia kwenye sanduku. Nakosea wapi? – Msomaji wa Mikindani*

Ndugu yangu hapo kwenye kufuta ndipo penye tatizo. Hewa ya baharini inabeba chumvi na ile chumvi inatua kwenye chuma bila wewe kuiona, na jasho la mkono nalo ni chumvi vilevile. Sasa chumvi tabia yake inavuta maji, unyevu wa hewani ukifika asilimia 75 kwenda juu inalowana yenyewe, we si unaona chumvi ya jikoni inavyoshikana masika? Basi ndo hivyohivyo kwenye spana yako. Ukifuta kwa kitambaa kikavu unaondoa maji ila chumvi umeisambaza, usiku unyevu ukirudi inalowana upya na kutu inaendelea kula ndani ya sanduku umelifunga vizuri kabisa.

Kwa hiyo vioshe. Najua watu wanaogopa kutia vifaa maji, lakini maji baridi ya bomba ndo yanaondoa chumvi. Suuza, kausha kwa kitambaa, anika juani mpaka vipate moto mkononi, na vikiwa bado na ule uvuguvugu pitisha mafuta kidogo, yawe utando tu, yakichuruzika umezidisha. Mafuta ya cherehani ni mazuri mno kwa hii kazi, bei yake ndogo na kichupa kinakaa muda mrefu. Oili mpya ya injini nayo sawa. Oili chafu ya gereji sikushauri kabisa, imeshabeba asidi na masizi ya injini, inadhuru ngozi yako na chuma haikilindi unavyodhani. Mafuta ya alizeti nayo hapana, yakikaa yanagandamana yanakuwa kama gundi, plaizi itakataa kufunguka. Ya nazi kwa dharura siku moja mbili si mbaya.

Alafu lile sanduku lako, au begi kama unalo, likague. Begi la turubai lililowahi kulowa maji ya bahari lina chumvi kwenye nyuzi zake, kila unachokiweka humo kinaanza kutu upya, lifue kwa maji baridi ulianike kweli. Sanduku la plastiki ukiliacha barazani juani mchana, usiku likipoa unyevu unajikusanya ndani, bora likae chumbani juu ya rafu. Na lisikae stoo moja na mfuko wa chumvi, mbolea wala jiki, mvuke wa jiki unakula chuma hata chupa ikiwa imefungwa kwa uzembe kidogo tu.

Zilizokwisha kushika kutu usizitupe. Loweka kwenye siki usiku mmoja, asubuhi sugua kwa brashi ya waya au ile stilwaya ya sufuria, utaona chuma kimekuwa cha kijivu, ni kawaida. Sasa hapa wengi wanaharibu, wanaanika tu na jioni wanakuta rangi ya chungwa imerudi. Asidi ya siki bado ipo, ioshe kwanza kwa maji yenye magadi ya kupikia maharage, suuza tena maji safi, kausha hapohapo, mafuta hapohapo. Zile spana zenye mng'ao wa krome usiziloweke muda mrefu, siki itaingia pale krome ilipobanduka na kuzidi kuibandua, hizo tia mafuta usugue taratibu kwa stilwaya laini.

*Fundi mwanangu, mimi ni mzee wa Newala. Kila kiangazi vichwa vya nyundo, shoka na jembe vinalegea, navitia ndani ya ndoo ya maji usiku asubuhi vimebana, lakini siku hizi maji hayasaidii tena. – Mzee wa Newala*

Shikamoo mzee wangu. Kule juu kwenye nyanda kiangazi kinakausha mti kweli, mpini unasinyaa ndani ya tundu. Maji yanauvimbisha, lakini ukivimba hauna pa kwenda kwa kuwa chuma kimeuzunguka, nyuzi za mti zinajiponda, zikikauka zinakuwa nyembamba kuliko mwanzo. Ndo mana kila mwaka inazidi, na maji yenyewe ya Newala mnavyoyahangaikia ni afadhali yaende jikoni.

Nyundo na shoka fanya hivi. Shika mpini kichwa kikining'inia chini, gonga kitako cha mpini kwa kipande cha gogo, kichwa chenyewe kitapanda kwenye mti. Kisha pigilia kabari ya mti mgumu mkavu kule kwenye ncha. Ikiwa uwazi umeshakuwa mkubwa badilisha mpini, tawi la mpera lililonyooka lisilo na fundo linafaa, nyuzi zake zikimbie urefu wa mpini zisikatize pembeni, ila likauke kivulini kwa muda wa kutosha, ukilikata leo na kulitia leo litasinyaa tena. Mpini mpya upake mafuta ya linsidi, yanauzwa maduka ya rangi. Na mzee wangu lile tambara la linsidi usilikunje ukalitupia pembeni, linaweza kupata moto lenyewe na kuwaka, litandaze nje likauke kabisa ndo ulitupe.

*Fundi, Masasi huku kuna jamaa analeta vifaa vya mtumba, vingine vina kutu vingine mipini imevunjika, anasema ni vya Ulaya. Vina maana au nanunua takataka? – Kijana wa Masasi*

Vina maana kubwa, mimi nikikutana na fundo la mtumba nakaa chini kabisa. Kutu ya juu isikutishe, mpini uliovunjika ndo kabisa, ni kitu cha kubadilisha. Tazama visivyorudi: ufa kwenye kichwa cha nyundo, taya za plaizi zilizoliwa, mdomo wa spana uliopanuka. Beba nati ya saizi hiyo mfukoni uijaribishe palepale. Msumeno wa mbao ukiona ncha za meno zina weusi wa bluu jua meno yamekazwa kiwandani, tupa ya kawaida haiyanoi, yakiisha umeisha nao, lakini msumeno wa zamani usio na huo weusi unanoleka miaka na miaka. Huo ndo wa kununua.

*Kaka, karibu tunasafisha chini ya mikorosho huku Mtama, panga nikilipeleka kwa mwenye grenda linakata siku hiyo tu, kesho butu. – Mkulima wa Lindi*

Tazama makali yake, utaona mahali pana rangi ya bluu. Hapo grenda imekipasha chuma moto mpaka ugumu wake umetoka, na hautarudi mpaka hiyo sehemu iishe. Nunua tupa ulinoe mwenyewe. Libane panga lisitikise, sukuma tupa kwenda mbele kwa uzito, ukirudisha inyanyue, usiivute juu ya chuma mana meno ya tupa yanakata upande mmoja na ukiivuta unayavunja. Fuata ulalo uleule wa makali mpaka uhisi kijinywele cha chuma upande wa pili, kisha geuza, malizia kwenye kinoo chenye maji. Utomvu wa mkorosho uliogandia ufute kwa mafuta ya taa kabla ya kunoa, la sivyo tupa inajaa. Tupa yenyewe usiipake mafuta, itateleza, na isilale begini ikigongana na spana, ifunge kitambaa.

*Fundi, plaizi yangu ina mipini ya plastiki nene, naweza kushikia waya wa umeme? – Mama wa Lindi mjini*

Hapana mama yangu. Ile plastiki ya kawaida ni ya kutoteleza mkononi. Za umeme zinapigwa mhuri wa 1000 V na alama ya pembetatu mbili, na hata ukiwa nayo zima swichi kuu kwanza. Testa yako ijaribu kwenye soketi unayojua ina umeme ndo uende kwenye waya unaoutilia shaka, kwa sababu testa iliyokufa haiwaki na mtu anadhani waya hauna umeme. Ukiona plastiki ya waya imeyeyuka au soketi inanuka kuungua usifungue, zima, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, na ile mita ya LUKU ni ya TANESCO usiiguse kwa kifaa chochote.