Kwa nini «hables» na si «hablas»

Ndugu yangu wa Mbale, umeuliza kwa nini sentensi yako ya Kihispania «quiero que hablas» ilisahihishwa kuwa «quiero que hables», yaani «nataka useme». Jibu tayari unalo katika Kiswahili chako, kwani husemi «nataka unasema» bali «nataka useme», irabu ya mwisho ikigeuka kuwa -e. Hiyo ndiyo dhamira tegemezi, na Kihispania nacho hugeuza irabu: vitenzi vya -ar huchukua e (hable, hables, hable, hablemos, habléis, hablen), ilhali vya -er na -ir huchukua a, kama coma, comas (kula) na viva, vivas (kuishi). Chukua umbo la «mimi» la wakati uliopo, yaani hablo, como au vivo, uondoe -o, kisha uambatishe viishio hivyo.

Tunapojikwaa zaidi ni kwenye cuando, yaani «wakati» au -po- yetu. Sisi husema «utakapofika Jinja, nipigie simu», kwa wakati ujao, lakini Mhispania husema «cuando llegues a Jinja, llámame», kwa kuwa safari hiyo bado haijatimia. Mimi mwenyewe niliandika «llegarás» kwa miezi kadhaa kabla ya kuzoea. Itazame pia u ya llegues: imewekwa ili g ihifadhi sauti yake, maana «ge» ya Kihispania hutamkwa kwa kukwaruza koo, karibu na kh. «Espero que» (natumaini kwamba) na «no creo que» (sidhani kwamba) nazo hudai dhamira hii, ila «creo que» (nadhani kwamba) hufuatwa na umbo la kawaida: creo que llega hoy (nadhani anafika leo), lakini no creo que llegue hoy.