Msimnunulie sanduku

*Shangazi, babangu alihukumiwa miaka 12 nikiwa na miaka 11, mama akiwa na mimba. Mdogo wangu ameambiwa baba yuko Maskati. Kila Idi mama humnunulia kanzu hapa hapa Langoni, akasema imetumwa na baba. Mwezi ujao baba anatoka jela ya Shimo la Tewa, Mombasa. Mama ataka kununua sanduku kubwa, alijaze zawadi, baba ashuke nalo kwenye boti kama msafiri. Nyumba hii nimeishikilia mimi, kwa mikate ya mofa, na kusema kweli sina hamu naye. Nishiriki uongo huu?*
*Binti, Lamu*

Mwanangu, usishiriki. Simlaumu mamako. Zamani Ngome yetu ilikuwa jela, mpaka 1984, na mfungwa alikuwa hatua chache na kwao. Leo ni boti hadi Mokowe, kisha basi la kutwa. Kumpa mtoto Maskati kulikuwa rahisi kuliko nauli.

Lakini vichochoro vyetu hata punda wawili hupishana kwa taabu; siri ya miaka minane ipite wapi isisikike? Huyo mtoto anaona wenzake wakizungumza na baba zao wa Uarabuni kwa video. Amekwishajiuliza kwa nini wake hana uso. Huenda anajua, ananyamaza kwa kumhurumia mama.

Mamako ndiye amwambie mtoto, si wewe, na iwe juma hili. Maneno machache: "Babako hakuwa Maskati. Alikosa, akafungwa, amemaliza. Kanzu nilinunua mimi." Akilia, alie. Akiuliza kosa, ajibiwe kwa kadiri ya umri wake, bila kupambwa. Na wa barazani wakidai baba amehonga ndiyo maana katoka mapema, mtoto ajue kwamba sheria humpunguzia mfungwa mwenye mwenendo mwema theluthi ya kifungo. Piga hesabu naye: 12 toa 4.

Sasa wewe. Kutokuwa na hamu si utovu wa radhi. Ulikuwa mtoto ukakanda unga wa watu wazima. Pesa za mofa zibaki mkononi mwako, na hilo mkubaliane na mama kabla hajafika gatini. Uchungu wako mwambie baba mwenyewe, ila si siku za mwanzo. Siku hizo utamkuta amesimama mbele ya mlango usiofungwa, akingoja aambiwe aingie.