Maswali ya wasomaji: Wedding, kitongoji chenye Tanga na Usambara

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa huku Ihumwa, Dodoma. Mwaka 2022, wakati wa zoezi la anwani za makazi, tulikaa vikao vitatu tukigombania majina ya barabara, na hadi leo wapo wasioridhika. Sasa mpwa wangu anasoma Berlin. Anasema anakaa sehemu inayoitwa Wedding, ambayo zamani ilikuwa kitongoji tu kama sisi. Barabara yake ni Tangastraße, na jirani zipo za Usambara na Zanzibar. Je, Wedding maana yake harusi? Na majina ya kwetu yalifikaje huko? (Mjomba mtu, Ihumwa)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefundisha historia miaka thelathini na moja, na swali kama hili ningelipata darasani ningefunga kitabu tukaongea mpaka kengele.

Harusi haimo. Jina hilo ni la kale, na inadhaniwa limetokana na kabaila mmoja aliyeitwa Rudolf de Weddinge. Kijiji kilikaa kando ya Panke, kijito kinachoshuka kuingia mto Spree. Kinatajwa katika hati ya mwaka 1251, watawala wa Brandenburg walipowapa watawa wa kike wa Spandau kinu cha maji kilichokuwa hapo. Hati hiyo inakitaja kijiji kama kitu kilichopita: watu walikwisha hama. Kwa hiyo mpwa wako anakaa mahali palipopewa jina na kijiji kilichokufa zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Jina lilibaki kwenye mashamba na msitu, likawasubiri watu wengine.

Walikuja polepole. Katikati ya miaka ya 1700 mfamasia mmoja alijenga nyumba za kuogea penye chemchemi iliyosifiwa kuponya, na upande huo ukaitwa Gesundbrunnen, yaani Kisima cha Afya. Baadaye vinu vya upepo vikapangana kando ya barabara iliyoelekea kaskazini. Barabara hiyo leo ndiyo Müllerstraße, Barabara ya Wasagaji. Unaona wenzetu walivyofanya? Waliangalia nani anafanya kazi gani hapo, wakaandika.

Tarehe 1 Januari 1861 Berlin ilimeza Wedding na Gesundbrunnen. Viwanda vilikuja, vya dawa na vya umeme, na watu wa mashambani wakamiminika. Walirundikwa katika nyumba za kupanga zenye ua nyuma ya ua. Moja iliyojulikana sana ni Meyers Hof ya miaka ya 1870, pale Ackerstraße: ua sita zikifuatana, na kuna wakati watu wapatao 2,000 walikaa humo. Nyie mnaolalamikia vyumba vya kupanga Nkuhungu, fikirini ua ya sita, ambayo jua haliifikii. Ndiyo maana sehemu hiyo iliitwa Wedding Nyekundu, ngome ya wafanyakazi na wakomunisti. Mei 1929 waliandamana ingawa polisi walikuwa wamepiga marufuku, na kwa siku tatu risasi zilirindima katika mitaa ya wafanyakazi ya Berlin, Kösliner Straße ya Wedding ikiwa mojawapo. Zaidi ya watu 30 waliuawa. Tangu 1920 Wedding ilikuwa wilaya kamili ya Berlin; mwaka 2001 ikaunganishwa katika wilaya ya Mitte.

Sasa majina. Hapa naomba unisikilize vizuri, wewe uliyekaa vikao vitatu.

Mwaka 1899 barabara mbili za kwanza pembezoni mwa Wedding ziliitwa Togo na Kamerun. Zilikuwa makoloni yao, na mji ulikuwa unapanuka ukihitaji majina. Kisha akaja Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg. Alikusudia kuweka katika vichaka vya Rehberge, hapo hapo jirani, bustani ya kudumu ya kuonyesha wanyama wa makoloni pamoja na watu wao. Watu, mwanangu: wasimame uani, watazamwe kwa kiingilio. Alikwisha kufanya maonyesho ya namna hiyo miaka mingi. Vita ya mwaka 1914 ikaukata mpango huo. Bustani ya watu haikujengwa, lakini majina yaliendelea kuongezeka hata baada ya makoloni kunyang'anywa. Ndivyo Tanga na Usambara zilivyopata vibao, na eneo lote likaitwa Mtaa wa Kiafrika. Mwaka 1958 ikaongezwa Ghanastraße, kwa heshima ya nchi iliyopata uhuru mwaka uliotangulia. Ghana ilipewa jina hilo ikiwa huru. Sisi tulipewa tukiwa mali ya mtu.

Wala si majina ya mahali tu. Mwaka 1939, chini ya Hitler, barabara moja ya mtaa huo iliitwa Petersallee kumtukuza Carl Peters. Huyu ndiye wa mikataba ya Usagara na Uzigua ya mwaka 1884, iliyowafungulia Wajerumani njia ya kututawala, ndiye aliyewanyonga mtumishi wake Mabruk na binti Jagodia kule Kilimanjaro. Watu wetu walimwita Mkono wa Damu. Kwa sisi wa Ugogo ana ukurasa wake. Mwaka 1890 alipita hapa akitoka Uganda. Nchi yetu ya Ugogo haina mito ya kudumu. Visima vilichimbwa kwa mikono ya wazee, na misafara yote ya pwani na bara ililazimika kunywa maji yao. Kwa hiyo ililipa hongo. Bibi yangu wa Mvumi alikuwa akikasirika akisikia neno hilo likitumika kwa rushwa. Kwake hongo ilikuwa haki ya mwenye kisima. Peters alidaiwa, akajibu kwa bunduki: akachoma vijiji, akaua watu, akaondoka na ng'ombe, mpaka akafika Mpwapwa. Kisha jina lake likapigiliwa nguzoni huko Wedding.

Mwaka 1986 walitafuta njia ya mkato. Kibao kilibaki vile vile, ila manispaa ikatangaza kwamba Peters anayekusudiwa sasa ni Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Hilo silikubali hata kidogo. Ukimpa mwanao jina la mchawi wa kijiji, kisha ukasema ulimkusudia mtu mwingine, nani ataacha kumkumbuka mchawi?

Waafrika wa Berlin nao hawakukubali. Miongoni mwao yumo Mtanzania, Mnyaka Sururu Mboro, aliyezaliwa Kilimanjaro. Alipoondoka kwenda kusoma Ujerumani bibi yake alimwagiza arudishe kichwa cha Mangi Meli, mtawala wa Kichaga aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi mwaka 1900, na ambaye kichwa chake kinadhaniwa kilipelekwa Ujerumani. Kichwa anakitafuta hadi leo, na katika kukitafuta amewatembeza watu wengi mitaa hiyo akiwaeleza kila kibao. Walidai miaka na miaka, wakapingwa na baadhi ya wakazi, shauri likafika mahakamani. Tarehe 23 Agosti 2024 Petersallee ilifutwa. Kipande kimoja sasa kinaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa mama wa Kiherero wa Namibia aliyeuawa kwa risasi Windhoek mwaka 1959. Kipande kingine ni Maji-Maji-Allee.

Maji Maji, mwanangu, vita ya 1905 hadi 1907, ambayo kwa hesabu za wanahistoria huenda iliondoa watu 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa. Miezi kadhaa kabla ya kibao hicho, Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha. Niliposoma habari ya kile kibao niliinuka nikatoka nje, nikasimama chini ya mwarobaini wangu kwa muda.

Kuhusu ugomvi wenu wa Ihumwa: msione aibu kwa vikao vitatu. Mji wa Serikali wa Mtumba umewasogelea tangu 2019, na Ihumwa inamezwa kama Wedding ilivyomezwa. Waulizeni wazee majina ya visima, ya vilima, ya miti iliyokatwa kupisha barabara, myaandike kabla fundi wa vibao hajaja na orodha yake.

Na mpwa wako mwambie hivi: Jumapili moja atembee kutoka Tangastraße hadi Maji-Maji-Allee. Asimame chini ya kibao, apige picha, akutumie. Nawe nitumie. Nataka kuipeleka Mvumi, niiache kaburini kwa bibi.