Jibu: Bolti ya Mosin inanata baada ya risasi chache

Mkuu, ulivyosema Mosin-Nagant 91/30 yako (ile bunduki ya zamani ya jeshi la Urusi) bolti, yaani komeo la kufunga nyuma ya mtutu, inafunguka poa ikiwa haina risasi ila ukishapiga risasi tano sita mpaka uigonge na kiganja, mi nakwambia asilimia kubwa ni grisi ya ghalani imeganda ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Zile bunduki zilipakwa kosmolini, ndo hiyo grisi nzito ya kuzuia kutu, zikawekwa miaka na miaka, sasa chemba ikipata moto ile kitu inalainika inageuka gundi inashika ganda la risasi. Mimi yangu nilisugua mtutu wiki nzima nikashangaa haibadiliki kumbe chemba sijaigusa kabisa, kitambaa kilitoka na rangi ya asali iliyoungua!

Kwanza hakikisha hamna risasi ndani, toa bolti, chukua brashi ya shaba nene kuliko ya mtutu maana chemba ni pana, chovya kwenye mafuta ya taa (mbali na moto jamani) zungusha weee mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Bolti nayo ifungue uisafishe ndani.

Halafu kama unatumia risasi za zamani za jeshi, fataki zake (kile kiwashio cha kwenye kitako cha risasi) zinaacha chumvi na mafuta hayaiondoi, mwaga maji ya moto kwenye mtutu siku hiyohiyo, kausha, ndo upake mafuta.

Ikiendelea kunata angalia maganda, ukiona yamepasuka au yana mstari unaong'aa karibu na kitako cha ganda, acha kupiga, ipeleke kwa fundi apime chemba. Chemba usiisugue na msasa tafadhali.